Mafunzo ya Awali ya Maabara ya Baiokemia: Kinachomsubiri Mwanafunzi wa Chuo Kikuu

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Kila mwaka, baada ya matokeo ya kidato cha sita kutangazwa na dirisha la udahili kufunguliwa, wazazi na vijana wa Mbezi Beach na vitongoji vingine vya Wilaya ya Kinondoni huanza kuuliza maswali yale yale: chuo kipi, ada kiasi gani, mkopo utatoka lini. Swali linaloulizwa mara chache ni lile linalogusa ubora wa mhitimu mwenyewe. Kijana atakapoingia maabara ya chuo kikuu kwa mara ya kwanza, atafundishwa nini hasa? Makala haya yanaeleza mafunzo ya awali ya maabara ya baiokemia, ambayo humpitia karibu kila anayesomea udaktari, ufamasia, sayansi ya maabara za afya, lishe, sayansi ya chakula, kilimo au tiba ya mifugo.

Kwanza tuondoe mkanganyiko mmoja wa mahali, kwa kuwa huwapoteza wanafunzi wageni wanaokuja kuripoti. Mbezi Beach iko Kinondoni, kandokando ya Barabara ya Bagamoyo, pamoja na vituo vyake maarufu vya Africana na Tangi Bovu. Ile Mbezi yenye Kituo Kikuu cha Mabasi cha Magufuli iko Wilaya ya Ubungo, kwenye Barabara ya Morogoro. Anayeshuka na masanduku yake hapo na kuambiwa “umeshafika Mbezi” bado ana safari ndefu kama chuo chake kiko upande wa bahari.

Upande huo wa bahari una historia yake katika elimu ya sayansi za afya. Mbezi Beach ndipo kilipoanzishwa Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Tiba na Teknolojia (IMTU) katika miaka ya 1990, na jirani yake Mikocheni kikaanza Chuo Kikuu cha Kumbukumbu ya Hubert Kairuki mwaka 1997. Anayeelekea mjini kwa barabara hiyo hiyo hukaribia pia Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha TARI Mikocheni, Taasisi ya Afya ya Ifakara yenye ofisi zake Mikocheni, na Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) pale Sayansi, Kijitonyama. Akipinda Mwenge hufika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na akisonga hadi Upanga hukuta Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS), ambacho mizizi yake ni shule ya udaktari iliyofunguliwa mwaka 1963. Ni vigumu kupata barabara nyingine nchini inayopita karibu na maabara nyingi za sayansi za viumbe kiasi hicho.

Baiokemia ni nini

Baiokemia ni taaluma inayochunguza kemia ya viumbe hai: jinsi wanga wa ugali unavyogeuka sukari, sukari inavyotoa nguvu, protini ya maharage inavyovunjwa na kujengwa upya kuwa misuli, na jinsi taarifa za urithi zinavyohifadhiwa na kusomwa ndani ya seli. Darasani mambo hayo huonekana kama michoro na mishale ubaoni. Maabarani huonekana kama rangi inayobadilika, namba inayopanda kwenye kioo cha mashine au, mara nyingi zaidi katika wiki za mwanzo, kama jaribio lililokataa kutoa jibu lililotarajiwa.

Kwa kawaida mafunzo hayo hutolewa mwaka wa kwanza au wa pili. Wanafunzi hugawanywa katika makundi madogo na kuongozwa na mhadhiri, wahadhiri wasaidizi na fundi sanifu maabara. Huyu wa mwisho hatajwi sana katika hotuba za mahafali, lakini ndiye anayetayarisha vitendanishi mapema, anayejua mashine ipi inahitaji dakika 20 za kupata moto kabla ya kusoma vizuri, na ndiye wa kwanza kugundua kwamba chupa imefungwa kwa kifuniko cha chupa nyingine. Mwanafunzi mwenye busara huanza kwa kumsalimu.

Wanafunzi hufika chuoni wakiwa wametoka katika mazingira tofauti. Mwaka 2012 Rais wa Awamu ya Nne, Dkt. Jakaya Mrisho Kikwete, aliagiza kila shule ya sekondari ya kata iwe na maabara tatu, yaani ya fizikia, ya kemia na ya baiolojia. Wananchi walichangia fedha na nguvu zao, na halmashauri zikajenga. Hata hivyo, jengo ni jambo moja, na saa ambazo mwanafunzi ameshika chombo kwa mkono wake ni jambo jingine. Katika meza moja ya chuo kikuu anaweza kukaa kijana aliyefanya majaribio kila wiki na mwenzake aliyeishika bureti siku ya mtihani tu. Kwa sababu hiyo mafunzo ya chuo huanzia mwanzo kabisa, na mwanafunzi hana sababu ya kuona haya kuuliza chombo kinashikwaje.

Pipeti, mizani na joto la Dar es Salaam

Jambo la kwanza ni kupima ujazo mdogo. Pipeti ya kisasa hubonyezwa kwa kidole gumba na huweza kuchukua mikrolita chache tu, yaani sehemu ndogo ya tone moja. Kitufe chake kina vituo viwili: cha kwanza ni cha kuvutia kimiminika, cha pili ni cha kumalizia kukitoa. Asiyevitofautisha huchukua kingi kuliko alichokusudia, na mashine haitamwonya. Vilevile, pipeti iliyolazwa mezani ikiwa na kimiminika ndani huruhusu kimiminika hicho kiingie mwilini mwake na kuiharibu.

Zoezi la kupima uwezo wa mkono ni rahisi nalo ni la haki kwa wote. Mwanafunzi huchukua mikrolita 1,000 za maji yaliyosafishwa, huyatia kwenye chombo kilicho juu ya mizani, huandika uzito, na kurudia mara 10. Kwenye nyuzi joto 20 za Selsiasi maji hayo yanapaswa kuwa na uzito wa gramu 0.998 hivi, kwenye nyuzi 30, ambazo ni za kawaida katika chumba kisicho na kiyoyozi huku pwani, ni takriban gramu 0.996. Tofauti hiyo ni ndogo. Mwanafunzi anayepata 0.93 mara moja, 1.04 mara nyingine na 0.97 mara ya tatu hawezi kulisingizia joto, kwani tatizo liko kwenye kidole chake.

Pengine msomaji ataona hayo ni madogo mno kuandikiwa makala. Tuhesabu kidogo. Vipimo vingi huhitaji sampuli izimuliwe kwa hatua: sehemu moja kwa 10, kisha tena moja kwa 10, kisha tena. Ikiwa mkono wa mpimaji huzidisha kwa asilimia 5 katika kila hatua, baada ya hatua tatu kosa limefikia karibu asilimia 16. Katika kipimo cha sukari ya damu, asilimia 16 huweza kumhamisha mtu kutoka kundi la wazima kwenda kundi la wagonjwa, au kinyume chake.

Joto la Dar es Salaam lina athari kubwa zaidi katika somo linalofuata, la miyeyusho bafa. Bafa ni myeyusho unaozuia kiwango cha asidi, yaani pH, kisibadilike ovyo wakati wa jaribio. Mojawapo inayotumika mno katika baiokemia ni bafa ya Tris, ambayo pH yake hushuka kwa takriban 0.028 kwa kila nyuzi joto moja inayoongezeka. Bafa iliyorekebishwa kuwa pH 8.0 kwenye nyuzi 25, kama vitabu vingi vinavyoelekeza, itakuwa karibu 7.86 katika chumba chenye nyuzi 30, na itapanda hadi karibu 8.6 ikiwekwa kwenye jokofu la nyuzi 4. Bafa ya fosfati haina tabia hiyo kwa kiasi kikubwa. Vitabu vingi vya mafunzo vimeandikwa na watu wa nchi za baridi, na maelekezo yao huchukulia kwamba chumba cha kila mtu kina joto kama la chumba chao. Mwanafunzi wa pwani hana budi kuandika joto la chumba katika ukurasa wa kila jaribio, hata kama karatasi ya maelekezo haikumwambia.

Rangi inayogeuka namba

Baada ya mkono kutulia, mwanafunzi hujulishwa kwa spektrofotomita. Jina ni refu lakini wazo ni jepesi: mashine hupitisha mwanga wa rangi moja kwenye myeyusho na kupima kiasi kilichofyonzwa. Kadiri kitu kinachotafutwa kinavyokuwa kingi, ndivyo mwanga mwingi zaidi unavyofyonzwa. Kipimo cha protini kwa njia ya Biuret hutoa rangi ya zambarau inayosomwa kwenye nanomita 540. Njia ya Bradford, iliyochapishwa mwaka 1976, hutumia rangi inayogeuka kuwa buluu protini inapoishika, nayo husomwa kwenye nanomita 595.

Namba ya mashine peke yake haina maana. Mwanafunzi hutayarisha kwanza neli tano au sita zenye kiasi cha protini anachokijua, husoma kila moja, na kuchora grafu ya viwango. Ndipo huisoma sampuli asiyoijua na kutafuta nafasi yake kwenye mstari huo. Huandaa pia neli moja isiyo na protini kabisa, ili kuondoa ufyonzaji unaotokana na vitendanishi vyenyewe. Wengi huipuuza neli hiyo tupu mara ya kwanza na kujikuta wamegundua protini ndani ya maji. Kosa la pili la kawaida ni kusoma sampuli iliyokolea kupita kiwango cha juu cha grafu na kisha kuurefusha mstari kwa rula hadi uifikie. Kinachotakiwa hapo ni kuizimua sampuli na kuisoma upya, kwa sababu hakuna aliyethibitisha kwamba mstari unaendelea kunyooka baada ya alama ya mwisho.

Mate, ugali na muhogo

Sehemu inayopendwa zaidi na wanafunzi ni ya vimeng'enya, yaani enzaimu, zile protini zinazoharakisha mimenyuko ya kemia mwilini. Jaribio la kufungulia huwa ni la mate. Mate yana kimeng'enya cha amilesi kinachovunja wanga. Ndiyo sababu tonge la ugali likitafunwa kwa muda mrefu huanza kuwa tamu. Maabarani, mate yaliyozimuliwa huchanganywa na myeyusho wa wanga, na kila baada ya nusu dakika tone moja hupimwa kwa aidini. Mwanzoni tone hugeuka buluu iliyokoza, baadaye hudhurungi, na mwishowe hubaki na rangi ya aidini yenyewe. Wanga umekwisha. Neli yenye mate yaliyochemshwa hubaki buluu hadi mwisho wa kipindi, na hapo mwanafunzi huona kwa macho yake kwamba joto kali limekiharibu kimeng'enya. Kila mtu hutumia mate yake mwenyewe na kusafisha vyombo vyake mwenyewe.

Jaribio la muhogo lina uzito wa aina nyingine, kwa kuwa linahusu maisha ya Watanzania moja kwa moja. Muhogo, hasa ule mchungu, una kemikali iitwayo linamarini. Kimeng'enya chake, linamarasi, hukaa sehemu tofauti ya seli, hivyo viwili hivyo havikutani mmea ukiwa mzima. Muhogo unapokwanguliwa au kupondwa, hukutana: linamarini huvunjwa, na hatimaye sianidi hutoka. Sianidi ni sumu, lakini huchemka kwenye nyuzi joto 26 hivi, kwa hiyo ikipewa nafasi na muda huruka hewani. Kuloweka muhogo kwa siku tatu au nne, kama bibi zetu walivyofanya, ni kukipa kimeng'enya muda wa kumaliza kazi. Kuumenya na kuuanika mzima juani ili ukauke haraka uwe makopa ni kinyume chake: maji huisha kabla kimeng'enya hakijamaliza, na sumu hubaki ndani ya unga.

Katikati ya miaka ya 1980, wakati wa ukame, Wilaya ya Tarime mkoani Mara ilikumbwa na mlipuko wa konzo, maradhi yanayopoozesha miguu yote miwili kwa ghafla na ambayo hayaponi. Waathirika wake wakubwa ni watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Ukame huongeza sianidi ndani ya muhogo, na wakati huo huo njaa huwafanya watu wafupishe utayarishaji. Kuna sababu nyingine ambayo baiokemia pekee ndiyo iliyoweza kuieleza: mwili huibadilisha sianidi kuwa kitu chenye madhara madogo kwa kutumia salfa inayotoka kwenye protini. Familia inayokula ugali wa muhogo bila maharage, samaki wala nyama hukosa salfa hiyo. Maradhi hayo yameripotiwa pia katika Mkoa wa Mtwara, na wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1973, wamefanya kazi huko na wenzao wa Australia kufundisha njia rahisi: unga wa muhogo hulowanishwa kwa maji, husambazwa kuwa tabaka jembamba, na kuachwa saa mbili juani au saa tano kivulini kabla ya kusonga ugali.

Kipimo chenyewe mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kukifanya. Unga hutiwa ndani ya chupa ndogo pamoja na bafa na kimeng'enya; karatasi ya manjano iliyolowekwa kwenye pikrati huning'inizwa juu yake; chupa hufungwa hadi kesho yake. Sianidi ikiwapo, karatasi hugeuka rangi ya hudhurungi. Rangi hiyo huyeyushwa kwa maji na kusomwa kwenye nanomita 510, na namba hulinganishwa na kiwango cha usalama cha kimataifa cha miligramu 10 kwa kila kilo ya unga. Humo mna pipeti, bafa, kimeng'enya, grafu ya viwango na spektrofotomita: muhula mzima umekusanyika ndani ya chupa moja. Kwa maoni ya mwandishi, kila chuo nchini kingefanya vyema kuliweka jaribio hili mbele ya yale ya kuazima vitabuni.

Daftari lisilofutwa

Mwanafunzi huandika kila kitu kwenye daftari lililoshonwa, lenye kurasa zilizotiwa namba, kwa kalamu ya wino. Akikosea hupiga mstari mmoja juu ya kosa ili liendelee kusomeka. Hairuhusiwi kuchana ukurasa, wala kuandika kwanza kwenye kiganja au karatasi ya pembeni ili “kunakili vizuri baadaye”. Sheria hii huwakera vijana waliozoea madaftari nadhifu ya sekondari, ambako usafi ulipewa alama.

Sababu yake ni uaminifu wa takwimu. Jaribio linapogoma na saa ya kumaliza inakaribia, kishawishi ni kikubwa cha kuchukua namba za meza ya jirani au kuzisogeza za kwako zilingane na kitabu. Wanafunzi huita hivyo kupika matokeo. Nchi yetu ina mfano unaofaa kukumbukwa. Mwaka 1963 mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, Erasto Mpemba, aliona kwamba maziwa aliyoyaweka ya moto kwenye friji yaliganda kabla ya yale yaliyopoa. Alichekwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, alimuuliza jambo hilo Dkt. Denis Osborne wa idara ya fizikia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye aliporudi chuoni alimwagiza fundi wa maabara afanye jaribio. Fundi aliripoti kwamba maji ya moto ndiyo yaliyoganda kwanza, kisha akaahidi kurudia hadi apate jibu sahihi. Osborne mwenyewe alikisimulia kisa hicho, na mwaka 1969 yeye na Mpemba wakachapisha matokeo yao kwa pamoja. Wanasayansi wanaendelea kubishana kuhusu jambo lile hadi leo, na wanaweza kubishana kwa sababu mtoto wa shule alisema alichokiona na wala si alichotakiwa kukiona.

Katika maabara ya hospitali, madhara ya kupika matokeo humfikia mgonjwa. Tuchukue seli mundu, maradhi yanayosababishwa na badiliko la amino asidi moja tu katika mnyororo wa himoglobini, na ambayo inakadiriwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa nayo nchini kila mwaka. Njia mojawapo ya kuyatambua ni elektroforesisi: himoglobini huwekwa kwenye uwanja wa umeme, na ile ya seli mundu husafiri kwa kasi tofauti na ya kawaida. Mistari miwili iliyo karibukaribu kwenye karatasi ndiyo inayomwambia mzazi kama mtoto wake ni mgonjwa au amebeba tu nusu ya urithi huo. Anayeisoma mistari hiyo alianzia kwenye daftari lenye kurasa zenye namba.

Usalama na sheria

Saa za kwanza kabisa za mafunzo, kabla ya pipeti, hutumika kueleza usalama. Asidi kali hutiwa polepole kwenye maji. Kamwe maji hayatiwi kwenye asidi, kwa kuwa mchanganyiko huweza kuchemka na kuruka usoni. Hakuna kuvuta kimiminika kwa mdomo, wala kula, kunywa au kujipodoa ndani ya maabara. Damu yoyote huchukuliwa kuwa inaweza kuambukiza, na mwanafunzi wa sayansi za afya hushauriwa kupata chanjo ya homa ya ini ya aina B mapema. Kila mmoja anatakiwa kujua palipo bomba la kuoshea macho, kizima moto na mlango wa dharura kabla hajafungua chupa yoyote.

Mfano wa pikrati tulioutaja una funzo lake. Karatasi yenyewe haina hatari kubwa, lakini asidi ya pikriki inayotumika kuitengeneza ni kilipuzi inapokauka, hivyo huhifadhiwa ikiwa na unyevu na hukaguliwa mara kwa mara. Chupa iliyosahaulika kabatini kwa miaka, yenye fuwele kavu shingoni, haiguswi, huitiwa wataalamu. Uhifadhi na matumizi ya kemikali nchini husimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali kupitia Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani, Sura ya 182, huku usalama wa mahali pa kazi ukiwa chini ya Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA) kwa sheria ya mwaka 2003.

Maandalizi ya mzazi na mwanafunzi

Kabla ya kuomba nafasi, mwombaji ahakikishe kwamba chuo na programu husika vinatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), ambayo hutoa mwongozo wa udahili wenye sifa za kujiunga na kila programu. Ni vyema pia kuelewa kwamba shahada ya sayansi katika baiokemia si kibali cha kuwapima wagonjwa. Anayetaka kazi hiyo aangalie programu zinazokubalika kwa usajili wa Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya. Tofauti hiyo imewahi kuwagharimu wahitimu muda na fedha, na huonekana wazi mapema kwa anayeuliza.

Kwa wanaonufaika na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB), miongoni mwa vipengele vya mkopo kuna mahitaji maalumu ya vitivo na mafunzo kwa vitendo. Mwanafunzi asome barua yake ya mkopo ajue amepangiwa vipengele gani. Kwa upande wa miundombinu, Serikali inatekeleza Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi (HEET), kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola za Marekani milioni 425, unaohusisha ujenzi wa maabara na ununuzi wa vifaa katika vyuo vikuu vya umma.

Mzazi anayetembelea chuo na mwanawe ana haki ya kuuliza maswali machache ya wazi. Wanafunzi wangapi hushiriki pipeti moja? Kuna umeme wa dharura kwa majokofu ya vitendanishi? Katika kila jaribio, kila mwanafunzi hulifanya kwa mkono wake, au mmoja hufanya na wenzake wanne wakatazama? Swali hili la mwisho ndilo lenye uzito kuliko mengine, na jibu lake hupatikana haraka zaidi kwa kuwauliza wanafunzi wa mwaka wa pili.

Vifaa vya kununua si vingi: koti la maabara la pamba lenye mikono mirefu, miwani ya kinga, daftari lililoshonwa, kikokotoo, kalamu ya wino usiofutika ya kuandikia neli, na viatu vya kufunika mguu wote. Kandambili za ufukweni zibaki Mbezi Beach. Koti nalo livuliwe mlangoni na kuwekwa kwenye mfuko wake kabla ya kutoka. Halivaliwi kwenye daladala wala mgahawani, na hufuliwa peke yake, mbali na nguo za nyumbani.